Kutoka maabara hadi ushauri mwelekezi: pa kuanzia kwa mwanabioteknolojia aliyeko Mwanza

Mwenye vizimba vya sato kule Kayenze hapigi simu kwa sababu anataka PCR, kipimo cha maabara kinachotambua vinasaba vya kirusi au bakteria. Anapiga saa 12 asubuhi kwa sababu samaki wanaelea matumbo juu, na ana maswali mawili tu: avune waliobaki au angoje, na vifaranga alivyonunua vilikuja na ugonjwa au la. Ukianza kumweleza jinsi kirusi kinavyotambuliwa, umempa mhadhara. Ukimwambia asitishe chakula leo, asiuze mizoga, akutengee samaki 5 wanaozubaa juu ya maji lakini bado wanapumua, na kesho saa 11 alfajiri oksijeni ipimwe kabla jua halijachomoza, hapo umeanza kazi ya mshauri mwelekezi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesoma mikrobiolojia, biolojia ya molekuli, sayansi ya maabara au fani jirani, aliyekaa na pipeti mkononi miaka kadhaa, na sasa anataka kuuza anachokijua bila kuajiriwa. Usajili na nyaraka ni kazi ya wiki chache. Wanaoanguka huangukia mahali pawili: wanaingia kazini bila kuandika mipaka, na wanapanga bei kwa kuuliza jirani anatoza ngapi.

Soko lenyewe

Ukisema bioteknolojia mbele ya mtu wa Kanda ya Ziwa, atafikiria mambo ya mbali. Ukweli ni kwamba imejaa kando ya ziwa, ila haijaandikwa mlangoni. Viwanda vya minofu ya sangara vinahitaji mtu wa kuandaa mifumo ya HACCP, yaani udhibiti wa hatari za usalama wa chakula, na kusimamia vipimo vya vimelea. Kwenye minofu, salmonela haitakiwi kuonekana kabisa ndani ya gramu 25 za sampuli. Viwanda hivi havihitaji kushawishiwa kuhusu umuhimu wa maabara. Kati ya 1997 na 1999 soko la Ulaya lilifungwa mara kadhaa kwa samaki wa Ziwa Viktoria, kwanza kwa salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, mwisho kwa taarifa za uvuvi wa sumu. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi ni sehemu ya jibu la fundisho hilo.

Ufugaji wa vizimba unahitaji uchunguzi wa magonjwa na uhakika wa mbegu. Hospitali na maabara binafsi zinanunua mashine za PCR na kukwama kwenye kuzithibitisha au kwenye maandalizi ya ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Upande wa kilimo, Ukiriguru kuna utafiti wa pamba na mazao ya mizizi, na wazalishaji wa pingili safi za mihogo wanahitaji mtu wa kuwaambia shamba lipi lina ugonjwa wa michirizi ya kahawia kabla hawajaliuza. Kuna pia kampuni za nje zinazotaka kujua kama kipimo chao cha kichocho kitafanya kazi kwenye vijiji vya mwambao, ambako kichocho cha tumbo ni cha kila siku. Hawa hulipa vizuri kuliko wote, na huuliza maswali magumu kuliko wote.

Usianze na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Novemba 2018 serikali iliagiza majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yasitishwe, na mshauri chipukizi hana sababu ya kujenga jina kwenye uwanja ambao amri moja inaufunga.

Chagua jambo moja. Andika sentensi hii na usiibadilishe kwa miezi 6: "Namsaidia fulani kuamua jambo fulani kwa kutumia ushahidi fulani." Kwa mfano: "Nawasaidia wenye vizimba kujua chanzo cha vifo vya samaki ndani ya siku 10." Au: "Nasaidia maabara za hospitali kuthibitisha mashine mpya ya PCR kabla haijatoa jibu la mgonjwa wa kwanza." Sentensi ya namna ya "natoa ushauri wa bioteknolojia, afya, kilimo na mazingira" haimfikii mtu yeyote. Mteja akiisoma hajui akupigie kwa lipi.

Ukiwa bado umeajiriwa

Pata ruhusa ya maandishi. Vyuo na taasisi nyingi za utafiti zina utaratibu wake wa kazi za ushauri, na mara nyingi zinataka mkataba upitie kwao nao wabaki na sehemu ya ada. Inauma, lakini kuna faida: unapata maabara, jina na mhasibu. Ukiamua kufanya kivyako, usitumie vitendanishi vya mwajiri, kompyuta yake, wala takwimu ambazo hazijachapishwa. Chupa moja ya kimeng'enya iliyotoka kwenye friza ya mradi inatosha kukuondolea kazi na jina kwa siku moja.

Makaratasi

Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, pata TIN ya biashara, kisha leseni ya biashara. Kampuni yenye ukomo wa dhima inaweza kusubiri, isipokuwa kama mteja wa kwanza ni mkubwa na anaitaka. Ukitaka kazi za serikali, jisajili mapema kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Zabuni hazikusubiri utafute nyaraka.

VAT iulizie TRA kabla ya ankara ya kwanza. Watoa huduma za kitaalamu wana masharti yao, wasidhani kiwango cha mauzo cha mwenye duka kinawahusu. Na kila bei unayoandika, andika kama ni kabla au baada ya VAT, la sivyo asilimia 18 itatoka mfukoni mwako.

Fungua akaunti ya benki ya biashara pekee. Hili linaonekana dogo mpaka siku ya kufunga hesabu, pesa ya ada ikiwa imechanganyika na ya karo.

Mazungumzo ya kwanza, na karatasi inayofuata

Watu wa hapa watakuambia "njoo tu uangalie kwanza." Kuangalia ni kazi. Kikao cha kwanza cha dakika 30 kwa simu au ofisini kiwe bure, na kiishie kwenye maswali. Safari ya uwanjani ilipiwe. Ukienda bure mara moja, na ukatoa jibu palepale ufukweni, mteja hana tena sababu ya kulipa. Na ukikosea, umekosea bila sampuli na bila karatasi.

Katika dakika hizo 30 uliza: Nini kimetokea, na lini hasa? Nani ameshafanya nini? Uamuzi gani unasubiri jibu, na mwisho wake lini? Nani atasoma ripoti: wewe, benki, mwenye bima, au mahakama? Swali la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalobadilisha kila kitu. Ripoti ya mwenye vizimba kujua afanye nini ni kurasa 4. Ripoti ya kudai fidia kwa muuza vifaranga inahitaji mnyororo wa makabidhiano ya sampuli uliosainiwa kila hatua, maabara yenye ithibati kwa kipimo hicho, na ada kubwa zaidi.

Ndani ya saa 24 mtumie hadidu za rejea za ukurasa mmoja. Hivi:

*Ndugu Mkurugenzi,*

*Yah: Uchunguzi wa vifo vya sato, vizimba namba 3, 4 na 7*

*Swali litakalojibiwa: Je, vifo vilivyoanza wiki hii vimesababishwa na upungufu wa oksijeni, ugonjwa wa kuambukiza, au vyote viwili?*

*Kitakachofanyika: Vipimo vya maji mara 2 kwa siku kwa siku 2, uchukuaji wa sampuli za samaki wasiozidi 10, vipimo vya maabara vitakavyoorodheshwa na kukubaliwa kwa maandishi kabla ya kutumwa.*

*Kisichohusika: Ubora wa chakula cha samaki, tathmini ya mazingira, na ushahidi wa kesi.*

*Mteja atatoa: Boti na mwendeshaji, kumbukumbu za ulishaji na vifo za siku 30, na idhini ya kuingia vizimbani.*

*Endapo ugonjwa wa kutolewa taarifa utathibitishwa, mteja atatoa taarifa kwa mamlaka husika ndani ya siku tutakazokubaliana, na mshauri hatauficha.*

*Ripoti: Rasimu siku ya 8, ya mwisho siku 2 baada ya maoni. Marekebisho ni mara moja.*

Mstari wa "kisichohusika" ndio unaokulinda. Bila huo, siku ya 6 mteja atasema, "Mtaalamu, hebu nicheki na hiki chakula, si uko hapa hapa?" Ukiwa nao unajibu kwa adabu kwamba inawezekana, na hii ndiyo bei ya nyongeza. Mstari wa kutoa taarifa nao usiuondoe hata ukiombwa. Mteja anayetaka ufiche ugonjwa ni bora umjue kabla hujapanda boti.

Bei

Usitafute bei sokoni kwanza. Anza na hesabu yako. Tuseme unataka kubaki na 2,400,000 kwa mwezi baada ya kodi. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya mtu binafsi Tanzania Bara, milioni ya kwanza ya mwezi inakatwa 128,000 na kila shilingi inayozidi hapo inakatwa asilimia 30. Faida unayohitaji kabla ya kodi inakuwa kama 3,183,000. Ongeza gharama za kazi: ofisi au dawati la kukodi, bando, usafiri, urekebishaji wa vipimo, mhasibu; tuseme 1,000,000. Jumla ni 4,183,000.

Sasa gawa. Hapa ndipo hesabu za wengi huharibika: wanagawa kwa siku 22 za kazi. Mshauri anayeanza hauzi siku 22. Kuna siku za kuandika maandiko ambayo hayatashinda, kufuatilia malipo, kusoma, kungoja kivuko. Gawa kwa 10. Unapata kama 418,000. Andika 420,000 kwa siku. Aliyegawa kwa 22 atatoza 190,000, atapata wateja wengi haraka, na baada ya miezi 8 atarudi kutafuta ajira akiamini ushauri haulipi.

Kazi ya vizimba hapo juu: nusu siku ya nyaraka, siku 1.5 uwanjani, siku 1 ya uchambuzi, siku 1.5 ya ripoti. Siku 4.5 kwa 420,000 ni 1,890,000. Ada za maabara, usafirishaji wa sampuli na mafuta viwe mstari tofauti, kwa bei halisi na risiti. Usizifiche ndani ya ada. Maabara ikipandisha bei, hasara inakuwa yako. Malipo: asilimia 50 kabla ya kuanza, 30 rasimu ikitolewa, 20 mwisho. Yaani 945,000, 567,000 na 378,000.

Mwenye vizimba 2 hawezi kulipa hiyo, na si dhambi yake. Mwuzie nusu siku kwa 210,000: kupima maji, kufungua samaki wachache, na maelekezo ya kurasa 2 yasiyo na kipimo cha molekuli. Au kusanya wenye vizimba wa ufukwe mmoja wachangie uchunguzi mmoja, kwa mkataba mmoja wenye msemaji mmoja. Kupunguza bei bila kupunguza kazi ndiko kusikokubalika.

Safari pia ni siku. Sengerema na Geita zimekuwa karibu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025. Ukerewe kwa kivuko cha Nansio bado ni siku nzima ya kwenda na kurudi, hata kama kazi yenyewe ni ya saa 2. Iandike hivyo.

Mteja mwenye kampuni atakata kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada kwa mkazi. Kwenye 1,890,000 ni 94,500. Pesa hiyo haijapotea: inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi uwe na hati ya zuio. Idai siku ileile malipo yanapoingia. Baada ya miezi 10 mhasibu wao atakuwa amehama.

Ufukweni

Rudi kwenye vizimba. Kabla ya kuchukua sampuli yoyote, soma namna vifo vilivyokuja. Vifo vya usiku mmoja, kwenye vizimba vingi kwa pamoja, samaki wakubwa wakitangulia, vinaelekeza kwenye oksijeni. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuruga matabaka ya ziwa na kuinua maji ya chini yasiyo na hewa. Vifo vinavyopanda polepole kwa siku kadhaa, hasa kwa vifaranga walioingizwa ndani ya mwezi mmoja, wakiwa na macho yenye ukungu au vidonda vya ngozi, vinakutaka ufikirie kirusi cha sato au bakteria.

Pima oksijeni saa 11 alfajiri na tena saa 8 mchana, kwenye kina cha mita 0.5, 2 na 5, ndani ya kizimba na nje yake. Ya alfajiri ndiyo inayosema kweli. Mchana mwani huzalisha oksijeni na kuficha tatizo. Sato hustawi juu ya miligramu 5 kwa lita, na chini ya 3 huacha kula na kudhoofika. Kipimo kirekebishwe asubuhi hiyohiyo, na tarehe iandikwe kwenye daftari. Wanasheria hupenda sana kuanzia hapo.

Chukua samaki wanaokaribia kufa, si waliokufa. Mzoga uliokaa saa chache kwenye maji ya nyuzi 26 umeshaanza kuoza. Bakteria utakaowakuta ni wa kuoza, na RNA imeshakatika. Toa ini, wengu, figo na ubongo. Vipande vya PCR viwe vidogo kama punje ya mahindi, ndani ya kimiminika cha kulinda RNA. Vipande vya darubini viwe na unene usiozidi milimita 5, ndani ya formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ujazo wa formalini mara 10 ya nyama. Watu hujaza chupa nyama na kumiminia formalini kidogo juu. Ndani kunaoza na mtaalamu wa tishu anarudisha jibu lisilosomeka. Badilisha wembe kati ya samaki na samaki. Andika lebo kwa penseli; wino wa kalamu hufutika kwenye pombe.

Sampuli zikienda Dar es Salaam au nje kwa ndege, zifungwe tabaka 3 kwa utaratibu wa UN3373, namba ya kimataifa ya kusafirisha sampuli za kibayolojia. Barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa) ina alama yake, UN1845, na uzito wake huandikwa juu ya boksi. Boksi la kawaida la povu hupoteza kilo 2 hadi 5 za barafu hiyo kwa siku, kwa hiyo safari ya saa 48 ipangie kilo 10 au zaidi, na boksi liwe na pa kutolea gesi. Likizibwa kabisa hupasuka. Usitume Ijumaa.

Sampuli za binadamu ni habari nyingine: kibali cha maadili, kibali cha kuzitoa nchini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kama huna vibali hivyo mkononi, usizipokee hata kwa kuzihifadhi tu.

Kwenye maabara ya mteja

Kazi ya kuthibitisha mashine ya PCR huanzia kwenye umeme. Uliza kuhusu UPS, jenereta na joto la chumba kabla hujauliza chochote cha sayansi. Kisha omba grafu za siku 30 zilizopita, si jedwali la majibu. Mkunjo wa viwango, yaani grafu ya sampuli za kiasi kinachojulikana, wenye mteremko kati ya −3.6 na −3.1 una ufanisi wa asilimia 90 hadi 110. Nje ya hapo tatizo liko kwenye pipeti, vitendanishi au muundo wa kipimo, na mara nyingi ni pipeti ambayo haijarekebishwa. Kidhibiti kisicho na sampuli, ambacho hakitakiwi kuonyesha kitu, kikitoa mkunjo kwenye mzunguko wa 36, fundi wa pale atakuambia "hiyo huwa inatokea." Hapo ndipo ripoti yako inapoanzia. Tazama kama wanaandaa mchanganyiko na kufungua mirija iliyozalisha DNA kwenye meza moja. Kwa vipimo vya kiasi, jaribio la marudio 5 kwa siku 5 linatoa majibu 25 yanayotosha kuonyesha kama mashine inatulia.

Ukipewa kamisheni na muuza vitendanishi, sema kwa maandishi au ikatae. Tunashauri uikatae. Mji ni mdogo, na mameneja wa maabara wa hospitali ya Bugando, Nyegezi na Ilemela wanaongea.

Ripoti na pesa

Ukurasa wa kwanza uwe na jibu, hatua za kuchukua kwa mpangilio wa tarehe, na kiwango cha uhakika kwa maneno ya kawaida: "Upungufu wa oksijeni umethibitishwa. Kirusi hakikuonekana kwenye samaki 8 waliopimwa. Hii haiondoi kabisa uwezekano kwamba kipo." Mbinu na grafu ziende nyuma. Kwa Kiswahili kama msomaji ndiye mwenye boti, kwa Kiingereza kama ni benki au kampuni ya nje. Ukifanya zote mbili, toza tafsiri.

Takwimu ghafi zihifadhi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba, nakala 2, moja nje ya nyumba yako.

Ankara ya mwisho iende pamoja na ripoti, si wiki moja baadaye. Malipo yakichelewa, siku ya 15 piga simu kwa mhasibu, si kwa mkurugenzi; mara nyingi kilichokwama ni namba ya LPO (hati ya agizo la ununuzi) au fomu ya zuio. Siku ya 30 ndipo mwandikie mkurugenzi, kwa barua yenye tarehe ya ripoti, kiasi kilichobaki na nakala ya hadidu za rejea alizosaini. Na kazi mpya kutoka kwa mteja huyohuyo isubiri ile 378,000 iingie.